Tatu Zilipokuwa Tano: Somo la Nyenzo Chini ya Gari

Mwanachuo aendaye katika mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza aghalabu hutujia na swali moja: mwalimu afanye nini mtoto anapomwuliza mbele ya darasa jambo asilolijua? Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa fupi. Tulimwambia ajiandae vema, aandike andalio lake kwa ukamilifu, asome zaidi ya kitabu cha kiada, hata asikutwe na swali la namna hiyo. Ni jibu ambalo halina kosa kwenye karatasi. Katika kurasa hizi tungependa kueleza jinsi tulivyolazimika kuliacha, nasi twaomba radhi mapema kwamba maelezo yenyewe yatakaa muda mrefu chini ya gari kabla ya kurudi darasani.

Mwezi wa Julai mwaka 2018 tulimkagua mwanachuo mmoja aliyekuwa akifundisha Sayansi katika Darasa la Sita. Mada ilikuwa mashine rahisi, na kipindi cha siku hiyo kilihusu nyenzo. Zana zake zilikuwa za kujitengenezea, jambo ambalo tulilisifu: ubao mdogo, ufito ulionyooka uliopigiliwa msumari kwenye ncha moja ili uweze kuinuka na kushuka, na kiberiti cha kuwekwa chini ya ufito huo. Alitaja egemeo, akataja mzigo, akataja jitihada, na watoto wakarudia kwa sauti. Mambo yalikwenda sawasawa na andalio mpaka msichana mmoja wa dawati la nyuma aliponyosha mkono.

"Mwalimu," aliuliza, "ukikisogeza kiberiti karibu na msumari, ncha ya ufito itapanda vilevile, au itapanda zaidi?"

Mwanachuo alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nadhani itapanda zaidi, lakini kwa kiasi gani, sijui. Hebu tupime." Akachukua rula, ambayo ndiyo ilikuwa rula pekee ya darasa zima, akawaita watoto wanne mbele, mmoja ashike ubao, mmoja asogeze kiberiti, mmoja asome kipimo na mmoja aandike ubaoni. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana juu ya kipimo cha tatu. Hitimisho halikufikiwa, zoezi la kuandika halikutolewa, na hatua mbili za andalio hazikuguswa kabisa. Sisi tulikuwa tumekaa nyuma na fomu ya ukaguzi juu ya magoti. Katika nafasi ya umilisi wa somo tuliandika: "Mwalimu hakulimudu somo lake, alikiri mbele ya wanafunzi kwamba hajui." Tulimpa D. Alitia sahihi bila kusema neno, nasi tukaondoka kwa gari letu, ambalo tumbo lake lilikwaruza tuta la mbele ya lango la shule kwa mlio uliosikika hadi madarasani.

Gari hilo ni Mercedes-Benz 190, la umbo lililotengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1982 hadi 1993. Kila gurudumu lake la nyuma limeshikwa kwa mikono mitano ya chuma, mpango ambao kampuni hiyo iliutumia kwa mara ya kwanza katika gari hili. Na katika mikono hiyo mitano, ule mpana wa chini ndio ubebao springi. Tulilinunua Dar es Salaam mwaka 2017 kutoka kwa kijana aliyekuwa ameondoa springi za asili na kutia springi fupi. Springi za namna hiyo huuzwa kwa watu wapendao gari lao likae chini karibu na lami. Kwa kawaida huwa ngumu zaidi kuliko zile za asili, kwa kuwa nafasi ya kubonyea imepunguzwa, na katika barabara laini za Ulaya au Japani gari la hivyo hushika kona vizuri. Kijana alitueleza kwamba linapendeza. Hatukubishana naye, kwani bei aliyoitaja ililingana na mshahara wa mkufunzi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita zipatazo 190. Matuta ya njiani hatukuyahesabu sisi, ila tumbo la gari liliyahesabu yote. Tukiwa peke yetu ndani lilipita kwa shida. Tulipowabeba wanachuo watatu kiti cha nyuma pamoja na maboksi ya vitabu, matairi ya nyuma yaligusa madigadi kila penye shimo na harufu ya raba iliyosuguliwa ikaingia ndani. Sehemu ya mbele ilivumilika. Nyuma ndiko kulikokuwa na matata, na baada ya lile tuta la shule tuliamua kwamba nyuma lazima kuinuliwe.

Tulikwenda kwa fundi mmoja ambaye gereji yake ni uwanja wenye miembe miwili na ukuta wa matofali. Springi za asili hakuwa nazo, na bei ya kuziagiza ilitushinda. Njia iliyobaki ilikuwa kuongeza raba kati ya springi na bodi. Magari ya aina hii hutoka kiwandani yakiwa na raba hizo juu ya springi, nazo hutengenezwa kwa unene mbalimbali ili gari liweze kusawazishwa: kila raba ina vinundu ukingoni, kuanzia kimoja hadi vinne, na kadiri vinundu vinavyozidi ndivyo unene unavyozidi, kwa hatua ya kama milimita 5. Fundi alipapasa kwa kidole akatuambia kwamba zetu zilikuwa na kinundu kimoja kimoja, yaani nyembamba kuliko zote. Bila shaka yule kijana alikuwa ametafuta kila milimita ya kushuka. Raba nene za kiwanda fundi hakuwa nazo siku hiyo, lakini aliweza kutukerezea vipande vya raba ngumu kwa unene wowote tutakaoutaka.

Hapo tulitoa tepu. Yafaa tueleze tulivyopima, maana ni sehemu pekee ya siku hiyo tunayoweza kujisifia. Hatukupima kutoka ardhini, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo humdanganya mpimaji. Tulisimamisha gari penye sakafu ya saruji iliyo sawa, tukalisukuma mbele na nyuma mara mbili ili matairi na springi zitulie, kisha tukapima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Nyuma kulia tulipata sentimita 31½. Kushoto vivyo hivyo, ikipungua milimita 2. Tulitaka 34½. Tofauti ni sentimita 3. Tukamwambia fundi akereze vipande vya unene wa sentimita 3.

Kulikuwa na kijana wa kazi pale, wa miaka kama kumi na sita au kumi na saba, ambaye alitusalimu kwa heshima tulipofika na tangu hapo hakusema kitu. Aliposikia agizo letu aliinuka kutoka chini ya gari jingine.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Mbili zinatosha, tena zitazidi kidogo. Ukiweka tatu, nyuma itapanda tano."

Twakumbuka vizuri kwamba tulitabasamu. Tulimweleza, kwa upole tuliouona kuwa ni hisani, kwamba springi hubonyea kulingana na uzito ulio juu yake. Kwamba Mwingereza Robert Hooke alikwisha kuichapisha kanuni hiyo mwaka 1678. Kwamba uzito wa gari letu haukuongezeka, kwa hiyo springi itabaki na urefu uleule na raba itajiongeza yote juu yake. "Kijana," tulimalizia, "tatu ni tatu."

Alimtazama fundi wake. Fundi akasema mwenye gari ndiye alipaye. Kijana akarudi chini ya gari.

Tunamwomba msomaji atambue kwamba hoja yetu haikuwa ya kijinga. Neno kwa neno lilikuwa kweli: springi haikubadilika urefu, na pale ilipokaa springi, bodi iliinuka kwa sentimita 3 kamili. Ambalo hatukujiuliza ni pale ilipokaa springi ni wapi. Elimu ya nusu ina hatari yake ya pekee, nayo ni kwamba humpa mtu sauti ya mtu mwenye elimu yote.

Jioni gari lilishushwa kutoka kwenye jeki. Nyuma ilikuwa imenyanyuka mno, kama mbuzi aliyeinama kunywa maji. Tulijisemea kwamba springi hazijatulia na kwamba baada ya siku mbili tatu zitakaa. Hatukupima. Jambo hili ndilo linalotuudhi zaidi hata leo, kwa kuwa tepu ilikuwa mfukoni.

Siku ya nne tulikuwa tukirudi usiku kutoka Dumila, katika barabara ya Dodoma, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hivi. Tuliona kwamba taa zinamulika karibu, tukadhani vioo vimeingia vumbi. Mbele yetu alikuwako mtu na baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa, bila taa, naye anaisukuma ukingoni mwa lami. Tulimwona alipokuwa amekwisha kuwa karibu kiasi cha kutupiwa jiwe. Tulikata usukani kulia, gurudumu likavuka mstari wa katikati, na kwa bahati upande ule hapakuwa na gari linalokuja. Yule mtu alijitupa pembeni pamoja na baiskeli yake. Hakuumia isipokuwa mchubuko wa kiwiko. Gunia moja lilipasuka na mkaa ukamwagika mtaroni. Tulisaidiana kuuokota kwa mwanga wa simu, tukalipa bei ya gunia, naye alitupa pole sisi, ambao ndio tuliotaka kumwua.

Asubuhi yake tulilielekeza gari kwenye ukuta mweupe, taa zikiwa mita 5 kutoka ukutani. Kitovu cha taa kilikuwa sentimita 65 kutoka chini. Taa za chini za gari huelekezwa zishuke kama sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali. Kwa hiyo ukutani ukingo wa mwanga ulipaswa kuwa sentimita 5 chini ya kitovu, na mwanga wenyewe barabarani ufike mita 65. Sisi tulikuta ukingo umeshuka sentimita 14. Tukapima hatimaye kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadi: 36½. Nyuma ilikuwa imepanda sentimita 5, sawasawa na neno la yule kijana. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, gari hili lina mita 2 na sentimita 66 hivi. Ukiinua nyuma sentimita 5 katika urefu huo, gari zima huinamisha pua kwa karibu sentimita 1.9 katika kila mita, na mwinamo huo hujumlishwa na ule wa taa. Sentimita 65 ukizigawa kwa 2.9 unapata kama 22. Tulikuwa tukiendesha usiku tukiona mita 22 mbele yetu. Na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hula karibu mita 17 katika sekunde moja, kabla dereva hajagusa breki.

Hesabu hii ni ya Darasa la Saba. Tuliifanya tukiwa tumesimama uani na kalamu ya chaki, na mikono ilitutetemeka.

Tulirudi gereji siku hiyohiyo. Kijana alitusalimu kama siku ile ya kwanza, wala hakutukumbusha kitu. Tulimwuliza alijuaje. Alikaa kwenye benchi, akaweka kiwiko juu ya ubao na kunyosha mkono mbele. "Hapa kwenye kiwiko ndipo mkono wa gari umefungwa bodini," alisema. "Hapa kwenye ncha za vidole ndipo lilipo gurudumu. Springi haikai kwenye vidole, Mwalimu. Inakaa hapa." Akagusa mahali palipo kabla ya kifundo cha mkono. "Ukisukuma hapa kidogo, vidole vinakwenda zaidi."

Tuliingia chini ya gari, likiwa juu ya magogo, tukapima. Kutoka bolti ya ndani hadi katikati ya springi palikuwa na takriban sentimita 24. Kutoka bolti hiyohiyo hadi upande wa gurudumu, takriban 40. Uwiano wa 3 kwa 5. Ufito, msumari na kiberiti.

Tulimwuliza tena kama alifanya hesabu hii. La, hakuifanya. Alitupeleka kwenye ukuta wa matofali, nyuma ya pipa la oili chafu, ambako palikuwa na safu mbili za tarakimu zilizoandikwa kwa chaki, nyingine zimefifia. Safu ya kushoto ilikuwa unene wa raba. Ya kulia, kiasi ambacho gari lilipanda. Alikuwa akiandika kwa kila gari alilosaidia kuinua, na magari ya springi iliyokaa juu ya mkono aliyatenga na yale ambayo springi imezunguka shokapu karibu na gurudumu, kwa sababu hayo ya pili, alisema, tatu zake hukaribia kuwa tatu kweli. Alikuwa amemaliza Darasa la Saba na hakuchaguliwa kuendelea. Tulimwuliza kama alisoma nyenzo shuleni.

"Nilisoma, Mwalimu. Egemeo, mzigo, jitihada. Tulikariri."

Tulimwambia kwamba mkono ule wa gari ni nyenzo. Alifikiri kidogo, kisha akauliza egemeo liko wapi, na kabla hatujajibu akalionyesha mwenyewe.

Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule zilikuwa zikiwafundisha vijana kudhani kwamba maarifa yote yenye thamani hupatikana vitabuni au kwa watu waliosoma. Tumelifundisha andiko hilo mara nyingi, tumelitungia maswali ya mtihani na kusahihisha majibu yake. Hatukutazamia kwamba tungekutana nalo nyuma ya pipa la oili.

Matengenezo yenyewe yalikwisha haraka. Tulinunua madukani Kariakoo raba za kiwanda zenye vinundu vinne, ambazo zinazidi zile za kinundu kimoja kwa milimita kama 15. Kijana alikadiria kwamba nyuma itapanda sentimita 2½ kuliko hapo mwanzo. Safari hii tulichukua daftari, tukaandika kadirio lake kabla ya kazi kuanza. Vipande vya sentimita 3 vilitolewa. Jambo moja alilotufundisha ambalo si la kupuuzwa na mwenye gari: bolti za mikono yenye bushi za raba hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki, bali magurudumu yakiwa yamebeba uzito wote, la sivyo bushi hukaa zimejikunja, hulizuia gari kutulia na huchakaa upesi. Baada ya kukaza tulilisukuma mbele na nyuma, tukapima: 34 kamili. Nusu sentimita pungufu ya tulichotaka, na gari likapita tuta la shule bila kelele. Taa tulizirekebisha ukutani siku hiyohiyo, kwa kuwa hata mkao huo mpya haukuwa ule ambao zilikuwa zimewekewa.

Sasa turudi darasani. Twapendekeza kwa mwanachuo atakayefundisha nyenzo asianze kwa majina matatu. Aanze kwa rula ya sentimita 30 iliyolazwa mezani, ncha ya sifuri ikiwa imebanwa kwa gundi ya karatasi ili isiteleze lakini iweze kuinuka. Aweke viberiti viwili vilivyopandana, ambavyo unene wake ni karibu sentimita 3, pale penye alama ya 18. Kabla rula haijaachiwa ivikalie, kila mtoto aandike katika daftari lake ncha ya pili itakuwa juu kwa kiasi gani. Wengi wataandika 3. Tuliandika hivyo sisi wenyewe, kwa maneno yetu, mbele ya fundi. Kisha wapime. Watapata karibu 5, yaani upungufu wa chini ya milimita 1, maana rula imelala upande.

Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. Umbali upimwe hadi ukingo wa kiberiti unaoelekea ncha iliyobanwa, kwani ndio unaobeba rula, wala si katikati ya kiberiti. Na watakapokisogeza hadi alama ya 6, kwa uwiano watatazamia 15 lakini watapata 13 na kitu. Mwalimu asikifiche kipimo hicho wala asikilazimishe kiwe 15. Mwinamo umekuwa mkubwa, na uwiano ule mwepesi hufaa kwa mwinamo mdogo. Kwa watoto wa Darasa la Sita yatosha kuliona jambo hilo na kuliandika. Sababu yake watakutana nayo mbele. Tumewahi kumwona mwanachuo aliyefuta 13 ubaoni akaandika 15 ili kulinda kanuni. Tulipomwuliza, alijibu kwamba aliogopa mkaguzi.

Anayetaka kuwapeleka watoto gereji na awapeleke, ila awape wafundi taarifa mapema na achague siku ambayo hakuna springi inayotolewa. Springi iliyobonyezwa ikichomoka huua mtu mzima, sembuse mtoto. Watoto watazame gari lililokwisha kusimama juu ya magogo, wakiwa pembeni, wala asiingie yeyote chini.

Kuhusu fomu ya ukaguzi, hatuna budi kusema kwamba ina nafasi ya umilisi wa somo, ya utumiaji wa ubao, ya usafi wa mwalimu na ya kumaliza kwa wakati. Haina nafasi ya kuandika kwamba mwalimu aliulizwa swali zuri, akasema hajui, akapima. Tungeweza kuitumia sehemu ya maoni mengineyo, ambayo ina mistari mitatu. Sisi siku ile tuliiacha wazi.

Mwezi wa Septemba mwaka 2018 tulikwenda ofisi iliyohusika kuomba D ile ibadilishwe. Tulielezwa kwamba alama zilikwisha kupelekwa na kujumlishwa, na kwamba mkaguzi hawezi kubadili alama kwa sababu amebadili mawazo. Kwa kanuni walikuwa na haki. D imebaki katika kumbukumbu za yule mwanachuo, pamoja na sentensi tuliyoiandika chini yake na sahihi yetu.

Alipopangiwa shule, huko wilayani Kilosa, tulipata anwani yake tukamwandikia barua. Tulieleza yote: raba, taa, mtu wa mkaa, ukuta wa gereji. Tulimwambia kwamba swali la yule msichana lilikuwa ndilo somo, naye alilifuata ilivyopasa, na sisi ndio ambao hatukulimudu. Ilichukua majuma sita jibu kuja. Halikugusia D hata kidogo. Aliandika kwamba anafundisha Darasa la Tano, lenye watoto 71, kwamba rula ya shule imevunjika kwenye alama ya 22, na kwamba kama chuo kina tepu zisizotumika angeshukuru sana. Chuo hakikuwa nazo. Tulinunua mbili, tukakata ya kwetu iwe ya tatu, tukazituma kwa basi la asubuhi.